Tujitengenezee Mafuta ya Ngozi Nyumbani

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti, kipupwe hukausha ngozi za watu, hasa sisi tunaoishi nyanda za juu kama Njombe, Makete, Mbeya na Iringa. Mtoto hujikuna usiku kucha. Baba anayeshinda shambani huota magaga miguuni mpaka anachechemea. Mama anayefua kila siku hupasuka viganja. Wazee, ambao ngozi yao imekuwa nyembamba kwa umri, hulalamika kuwashwa mwili mzima. Kila nyumba basi hutafuta kitu cha kupaka.

Hapo ndipo familia nyingi hupata hasara. Madukani na sokoni yako makopo ya kila aina. Mengine ni mafuta mazuri. Mengine yana sumu ndani yake, ingawa kopo linapendeza na jina lake ni tamu. Wako pia wanaochanganya krimu tatu au nne wenyewe na kupata ule uitwao mkorogo, wakitaka ngozi iwe laini na nyeupe kwa pamoja.

Mwezi huu tutajifunza kutengeneza mafuta ya ngozi kwa vitu vitatu vilivyo karibu nasi: mafuta ya nazi, mafuta ya alizeti na nta ya nyuki. Hayana gharama kubwa wala hayahitaji mtambo. Tutaeleza pia mafuta haya yanaweza nini na hayawezi nini, maana wengi wameumia kwa kudhani kwamba kila kitu cha asili ni salama. Zebaki nayo ni ya asili, hutoka katika miamba, lakini ni sumu.

NGOZI HUKAUKAJE?

Tabaka la juu kabisa la ngozi linafanana na ukuta wa matofali. Matofali ni chembe zilizokufa zilizopangwa karibu karibu, na udongo unaoyashikilia ni mafuta ambayo mwili wenyewe huyatengeneza. Ukuta huu una kazi mbili: kuzuia maji ya mwilini yasitoke ovyo, na kuzuia vijidudu visiingie.

Hewa kavu ya kipupwe hunyonya maji kutoka katika ngozi. Sabuni kali, hasa ya kufulia, huosha yale mafuta yanayoshikilia matofali. Maji ya moto sana hufanya vivyo hivyo. Ukuta ukipata nyufa, maji hutoka zaidi, ngozi huwasha, mtu hujikuna, na kwa kujikuna hufungua mlango wa vijidudu. Ndiyo maana ngozi kavu ya mtoto isipotunzwa huweza kugeuka vidonda vyenye usaha.

Hivyo kazi ya mafuta ya kupaka si kulisha ngozi, kama matangazo yanavyodai. Kazi yake ni kuziba nyufa ili maji yaliyomo yabaki. Ukilishika jambo hili moja, mengine yote tutakayosema utayaelewa kwa urahisi.

KWA NINI TUSITIE MAJI?

Krimu ya dukani, ile nyeupe na laini, ni mchanganyiko wa mafuta na maji. Kwa kuwa mafuta na maji hayapatani, kiwanda hutia dawa ya kuyaunganisha. Na kwa kuwa penye maji vijidudu huzaliana, hutia pia dawa ya kuzuia kuoza, kwa kipimo cha maabara. Sisi nyumbani hatuna kipimo hicho. Anayechanganya mafuta na maji ya waridi, au maji ya mshubiri, au asali, au maziwa, anaweza kupata krimu nzuri ya kutazama, lakini baada ya siku chache bakteria na kuvu watakuwa wameshaota ndani yake, hata kabla jicho halijaona ukungu. Kisha krimu hiyo hupakwa kwenye ngozi yenye nyufa. Hatari yake ni dhahiri.

Kwa hiyo sisi tutatengeneza mafuta magumu yasiyo na tone la maji, yaani marhamu. Bila maji, vijidudu hawapati mahali pa kuzaliana. Hii ndiyo kanuni kuu ya somo letu: kila chombo, kila kijiko na kila kidole kitakachogusa mafuta haya sharti kiwe kikavu.

VITU VITATU TUTAKAVYOTUMIA

Mafuta ya nazi. Wa pwani wanayajua tangu utotoni. Anayetaka kuyatengeneza mwenyewe akune nazi zilizokomaa kwa mbuzi, akamue tui zito na kulichuja vizuri kwa kifumbu, kisha alichemshe kwa moto mdogo. Mwanzoni tui litatokota kwa kelele, kwa sababu maji yanatoka. Mafuta yatajitenga na mabaki yatakuwa ya kahawia. Kelele ikikoma kabisa, maji yamekwisha. Epua, acha yapoe, chuja kwa kitambaa safi kikavu. Usishangae ukiona mafuta haya ni maji maji Dar es Salaam lakini yameganda Njombe: mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Hayajaharibika. Mwaka 2014 madaktari wa Ufilipino walichapisha matokeo ya kuwapaka mafuta ya nazi watoto wenye ukurutu usio mkali, na ngozi yao ilihifadhi maji vizuri zaidi kuliko ya wale waliopakwa mafuta ya madini.

Mafuta ya alizeti. Haya hukamuliwa kwa wingi Singida na Dodoma. Chagua yaliyochujwa, yasiyo na tope chini ya chupa wala harufu kali. Usitumie mafuta yaliyokwisha kukaangia. Alizeti ina aina ya mafuta ambayo ngozi yenyewe huyatumia kujenga ukuta wake. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mafuta ya zeituni, ambayo wengi huyasifu, yalidhoofisha tabaka la juu la ngozi, lakini ya alizeti hayakufanya hivyo. Basi hatuna sababu ya kutafuta vya ng'ambo kwa bei kubwa.

Nta ya nyuki. Hii ndiyo inayogandisha mafuta yetu na kuyafanya yakae juu ya ngozi muda mrefu. Nchi yetu ina nta nyingi, hasa katika misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Kigoma, na Tabora ndiko kiliko chuo cha ufugaji nyuki. Hata hivyo wako warina asali ambao bado hutupa masega baada ya kuyakamua. Usiyatupe. Yachemshe polepole katika maji, chuja kwa kitambaa au kipande cha gunia safi, acha yapoe usiku kucha. Asubuhi utakuta nta imeganda juu kama sahani. Kwangua uchafu ulio chini yake, rudia mara moja au mbili mpaka iwe safi, kisha ianike kivulini ikauke kabisa.

Angalizo: usiyeyushe mishumaa ya dukani badala ya nta. Mishumaa mingi hutengenezwa kwa parafini, na mingine ina rangi na manukato yasiyofaa ngozi. Nta ya kweli hunukia asali, na ukiifinyanga mkononi hulainika bila kumeng'enyuka.

NAMNA YA KUPIMA BILA MIZANI

Tunahitaji sehemu tano za mafuta kwa sehemu moja ya nta. Mafuta ni rahisi kupima kwa kikombe, lakini nta ni ngumu. Fanya hivi:

1. Chukua chupa ya jemu inayoonyesha, iliyo safi na kavu. Mimina vikombe vidogo vitatu vya kahawa vya mafuta ya nazi yaliyoyeyuka na vitatu vya mafuta ya alizeti. Koroga vizuri.

2. Chora mstari nje ya chupa pale mafuta yalipofika.

3. Toa kikombe kimoja cha mafuta hayo, ukiweke kando.

4. Katakata nta vipande vidogo kama punje za mahindi. Vitie kidogo kidogo ndani ya chupa, ukikoroga kwa kijiti ili hewa itoke. Nta ni nzito kuliko mafuta, hivyo itazama na mafuta yatapanda. Yakirudi kwenye mstari, acha. Umetia kikombe kimoja kamili cha nta.

HATUA ZA KUTENGENEZA

Kabla ya kuanza, osha chupa ndogo au makopo ya kuwekea pamoja na vifuniko vyake, vichemshe kwa dakika kumi, na uvianike vikauke kabisa. Watoto wakae mbali na jiko.

1. Weka maji kiasi katika sufuria kubwa na uyapashe moto. Yawe moto lakini yasichemke kwa nguvu, yasije yakarukia mafuta.

2. Mimina mafuta na vipande vya nta katika sufuria ndogo kavu, na uiweke ndani ya ile kubwa. Usiiweke sufuria ya nta moja kwa moja juu ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, na joto la maji linatosha kabisa. Moto wa moja kwa moja huiunguza, na huweza kuiwasha.

3. Koroga polepole kwa kijiti kikavu mpaka nta yote iyeyuke na mchanganyiko uwe mwangavu.

4. Pima ugumu. Dondosha tone moja kwenye kisosi baridi, subiri lipoe, kisha liguse. Likiwa gumu mno, ongeza kijiko kimoja cha yale mafuta uliyoweka kando. Likiwa laini mno, ongeza kipande cha nta. Wakazi wa Tanga, Dar es Salaam na Mombasa watahitaji nta zaidi kidogo kwa sababu ya joto. Wa Njombe na Mbeya watahitaji kupunguza ugumu kwa kuongeza mafuta ya alizeti.

5. Epua, futa maji yaliyo nje ya sufuria ndogo ili yasidondokee ndani ya chupa, kisha mimina. Funika kwa kitambaa safi kikavu tu. Usifunge vifuniko mpaka mafuta yapoe kabisa, maana mvuke ukigeuka matone utakuwa umerudisha maji tuliyoyakimbia.

6. Andika tarehe kwenye kila chupa. Weka mahali penye kivuli na baridi.

Ikitokea mafuta yakashika moto, usimwagie maji hata kidogo, kwa sababu moto utaruka. Funika sufuria kwa kifuniko na uzime jiko.

Mafuta yaliyotengenezwa vizuri hukaa miezi kadhaa. Tengeneza kidogo kidogo, yatakayotosha miezi miwili au mitatu. Yakianza kunuka vibaya, kama karanga za zamani, yamechacha. Yasipakwe tena. Ukiona ukungu, tupa yote, usikwangue juu na kutumia ya chini.

JINSI YA KUPAKA

Wakati wa kupaka una maana kuliko wingi wa mafuta. Oga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Jikaushe kwa kugusa gusa na taulo, usisugue. Ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika chache, paka. Hivyo utakuwa umefungia maji ndani ya ngozi. Anayepaka saa nzima baada ya kuoga amefunga mlango maji yakiwa yamekwisha kutoka.

Chota kwa kijiko kikavu kiasi cha punje ya njegere kwa kila mkono, yeyushe viganjani, kisha paka tabaka jembamba. Kwa magaga, loweka miguu katika maji ya uvuguvugu robo saa, ikaushe, paka mafuta mazito na uvae soksi safi usiku. Fanya hivyo kila siku kwa majuma mawili na utaona tofauti.

Kwa mara ya kwanza, kila mtu ajipime. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono na usubiri siku mbili. Kukitokea vipele au wekundu, mafuta hayo hayakufai. Nguo na mashuka yaliyolowa mafuta hushika moto upesi, kwa hiyo anayejipaka asikae karibu mno na jiko, na nguo hizo zifuliwe mara kwa mara.

MAFUTA HAYA HAYAWEZI NINI?

Hayatibu ugonjwa. Mtoto mwenye mapunye kichwani au choa mwilini anahitaji dawa ya kuvu. Familia inayowashwa hasa usiku, katikati ya vidole na kiunoni, huenda ina upele, na upele hauponi mpaka watu wote wa nyumba watibiwe siku moja. Kupaka mafuta juu ya magonjwa haya ni kuyaficha tu.

Hayatibu majeraha ya moto. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha apelekwe zahanati. Usimpake mafuta, wala asali, wala dawa ya meno.

Hayapakwi kitovu cha mtoto mchanga. Kitovu kiachwe kikavu na safi, kama mlivyoelekezwa kliniki. Watoto njiti nao wana habari yao. Ni kweli kwamba mwaka 2005 ilichapishwa taarifa kutoka hospitali moja ya Dhaka, Bangladesh, kwamba watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizo machache zaidi. Lakini kazi ile ilisimamiwa na madaktari. Wewe mwenye mtoto njiti uliza kwanza.

Hayazuii jua. Hili tulisisitize kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Mafuta ya nazi, alizeti na nta hayawezi kuwakinga na saratani ya ngozi, na hakuna mtu awezaye kutengeneza losheni ya jua jikoni kwake. Losheni hiyo hupimwa kwa mashine. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, na ni Moshi ambako losheni ya Kilisun ilianza kutengenezwa mahsusi kwa watu wenye ualbino. Wazazi wa watoto hao waulize hospitalini kwao namna ya kupata losheni ya jua, na wawavalishe watoto kofia pana na mikono mirefu hata siku ya mawingu.

Hayafanyi ngozi kuwa nyeupe. Na hapa tuseme wazi juu ya mkorogo.

MKOROGO NI NINI HASA?

Krimu nyingi za kujichubua zina kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu: zebaki, haidrokwinoni na dawa za jamii ya steroidi.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Lakini haibaki juu ya ngozi. Huingia katika damu, huharibu figo na kudhuru mishipa ya fahamu. Kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni, na kwa anayenyonyesha hupita katika maziwa. Huweza kuwafikia hata wasiopaka, kwa taulo, mashuka na kukumbatiwa. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana mwaka 2013, katika Mkataba wa Minamata, kukomesha vipodozi vya zebaki, na mkataba ukaweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kuvitengeneza na kuvisafirisha. Lakini bado vinapenya. Soma lebo: ukiona maneno "mercury", "mercuric", "calomel" au "cinnabaris", usinunue. Hata onyo la kutokugusisha krimu na pete za dhahabu au fedha ni dalili ya zebaki.

Haidrokwinoni ikipakwa muda mrefu huweza kuleta kinyume cha kilichotafutwa: mabaka meusi ya rangi ya samawati, usoni hasa, ambayo hayaondoki kwa urahisi. Dawa za steroidi, kama "clobetasol" na "betamethasone", ni dawa halali daktari akiziandika kwa ugonjwa fulani na kwa siku fulani. Zikipakwa kila siku mwili mzima hufanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, huleta michirizi na chunusi, na kidonda kidogo hukawia kupona. Madaktari wa upasuaji wanajua taabu ya kushona ngozi ya namna hiyo.

Aliyekwisha kuzoea mkorogo asione aibu kwenda hospitali. Asiache ghafla peke yake kama amekuwa akipaka steroidi miezi mingi, kwa sababu ngozi inaweza kuwaka na kuvimba. Amweleze mganga ukweli na kumwonyesha makopo yote. Na sisi wazazi tuangalie maneno yetu. Binti anayesikia kila siku kwamba mwenzake ni mzuri kwa kuwa ni mweupe atakwenda kuutafuta weupe huo kwa fedha ya daftari.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, naweza kutia maji ya ndimu ili mafuta yanukie? Hapana. Ngozi yenye maji ya ndimu au limau ikipigwa na jua huweza kuungua na kutoa malengelenge, kisha hubaki na madoa meusi. Tena umerudisha maji.

Mafuta ya mkaratusi au manukato mengine? Mtu mzima asiye na ukurutu anaweza kutia matone machache, lakini manukato ndiyo yanayowadhuru wengi. Kwa watoto wachanga na wenye ukurutu, usitie kabisa.

Mshubiri je? Anayetaka kuutumia aupake ukiwa mbichi, siku hiyo hiyo, baada ya kujipima. Usiuchanganye na mafuta ya kuweka akiba.

Nina chunusi, nipake usoni? Afadhali usipake. Mafuta ya nazi na nta huweza kuziba vitundu vya ngozi yenye chunusi.

Mafuta ya mgando ya dukani ni mabaya? La. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na rangi wala manukato, huzuia maji vizuri sana. Kama kwenu nazi na nta ni ghali, nunua hayo bila wasiwasi. Linganisha bei kwa uzito, si kwa ukubwa wa kopo.

Kikundi chetu kingependa kuuza. Inawezekana? Inawezekana, lakini kuuza ni jambo jingine. Tangu mwaka 2019 vipodozi Tanzania Bara husimamiwa na Shirika la Viwango, TBS. Nendeni mkaulize masharti yake kabla ya kuuza, na ofisi za SIDO mikoani huwafundisha wajasiriamali wadogo namna ya kutengeneza na kufungasha. Msiandike kwenye kopo kwamba mafuta yenu yanaponya ugonjwa wowote.

LINI TWENDE ZAHANATI?

Usiendelee kupaka mafuta ukiona mojawapo ya mambo haya:

- vidonda vyenye usaha, au ngozi iliyovimba, yenye joto na maumivu, hasa kama mtoto ana homa;
- mwasho unaomnyima mtoto usingizi ingawa anapakwa kila siku kwa majuma mawili;
- mwasho wa nyumba nzima;
- kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, hasa kwa mtu mwenye ualbino;
- nyufa za miguu kwa mgonjwa wa kisukari, hata zikiwa ndogo;
- baka lililopauka au jekundu lisilo na hisia.

Hili la mwisho tulikumbuke sana. Baka ambalo ukiligusa kwa unyoya mtu hasikii huweza kuwa dalili ya ukoma. Ukoma unatibika kabisa, na tangu mwaka 1995 dawa zake hutolewa bure duniani kote kupitia Shirika la Afya Duniani. Anayetibiwa mapema hapati ulemavu. Anayepaka mafuta miaka miwili akidhani ni ukavu wa ngozi huweza kupoteza vidole.

Basi, ndugu msomaji, jaribuni somo hili nyumbani. Chupa moja ya mafuta safi, yaliyotengenezwa kwa mikono mikavu na kupakwa kwa wakati wake, itatosha kulinda ngozi ya familia wakati wa baridi. Fedha iliyobaki inunue mboga na matunda kwa watoto, kwani ngozi hutengenezwa pia kwa chakula. Na yale makopo msiyoweza kusoma kilichomo ndani yake, yaacheni dukani.

Tukutane mwezi ujao.